Meya Mgongoni

Mume wangu mji mzima unamwita Tabasamu, na usidhani ni kwa sababu anatabasamu. Miaka yote aliyopiga picha za harusi, kabla ya kubonyeza kamera alikuwa anatamka neno hilo moja, "Tabasamu," kwa uso wa mtu anayeumwa jino. Watu walicheka kwa kumwona yeye, na picha zikatoka nzuri. Mimi ni mwalimu wa udereva. Nakaa kiti cha pembeni, miguuni pangu kuna breki ya pili, na kazi yangu ni kuikanyaga kabla mwanafunzi hajatupeleka sote kaburini. Kwa hiyo kuzuia watu nakujua. Kwa mume wangu tu nilichelewa.

Mambo yalianzia kwenye harusi ya binti wa mwenye duka la mabati. Familia ilijipanga kwenye ngazi za ukumbi, nguo za sare, viatu vinang'aa, na katikati yao akawekwa bibi wa bi harusi, mama mzaa baba, kwenye kiti cha magurudumu, blanketi magotini, jicho moja jeupe kwa mtoto wa jicho. Katika picha zote za siku ile hiyo ndiyo iliyokuwa na uhai. Mama wa bi harusi alipokuja studio kuitazama, alisema ni nzuri sana ila bibi anaiharibu. Akaomba afutwe.

Tabasamu akamfuta. Alikaa kwenye kompyuta akatoa magurudumu, akatoa blanketi, akatoa lile jicho, mpaka pale alipokuwa bibi pakabaki ngazi tupu na shada la maua lililoazimwa kutoka pembeni. Wenyewe wakaitundika sebuleni, wakaisifu. Haukupita muda mrefu bibi akafariki, na mama yule yule akarudi, safari hii kitambaa machoni, akisema familia haina picha nyingine ya marehemu ya siku za karibuni.

"Mrudishe," alimwambia mume wangu. "Ila jicho ulitengeneze."

Siku hiyo Tabasamu alifunga studio mchana, akaja nyumbani, akakaa jikoni bila kuvua viatu. Akaniambia harusi basi. Alichotaka sasa ni ukuta wake mwenyewe, atundike picha za watu kama walivyo, na asije mtu kumwambia amfute nani. Nilimwambia kuta tunazo, nne kwa kila chumba. Akajibu kwamba anataka ukuta ambao watu wataufuata. Nikajua gari limeshaondoka.

Ukuta ulipatikana kwa shangazi yake. Mama huyu alikuwa na saluni ya nywele mtaa wa nyuma ya soko, kati ya fundi viatu na duka la madaftari, akaifunga magoti yalipokataa kusimama. Chumba kilikuwa bado na masinki mawili ya kuoshea vichwa, vioo vilivyogandishwa ukutani kwa gundi ya kutosha kushikilia daraja, na harufu ya dawa ya nywele ambayo haijatoka mpaka leo. Shangazi alitupa chumba kwa sharti moja, kwamba kiti chake kitabaki pale pale karibu na mlango, na yeye ndani yake.

"Hapa nimekaa tangu baba yako hajaoa," alimwambia mume wangu. "Hiyo sanaa yenu itanipisha."

Tulibandua vioo, plasta ikatoka navyo. Tukapiga plasta upya, tukapaka rangi nyeupe, na juu ya weupe ule tukagombana, maana mume wangu alikuwa anataka nyeupe ambayo si nyeupe, na muuza rangi akamwangalia kama unavyomwangalia mtu aliyeomba chumvi isiyo na chumvi. Fremu alizichonga mwenyewe kwa mbao za dari. Alipoanza kupiga misumari alipima urefu kwa macho yake, na yeye ni mrefu kama mlingoti. Nilimwambia mji huu haukaliwi na twiga. Tukashusha kila picha, na matundu ya kwanza tukayaziba kwa dawa ya meno.

Juu ya mlango aliandika NYUMBA YA PICHA, kwa mkono, kwa rangi nyeusi. Wiki ya kwanza kila aliyeingia alikuja kupiga picha ya pasipoti. Tabasamu aliwaeleza mmoja mmoja kwamba hapa picha hazipigwi, zinatazamwa. Walimsikiliza kwa adabu, kisha wakauliza sasa hiyo ya pasipoti itakuwa tayari saa ngapi. Nilipochoka kusikia nikaweka kigoda chumba cha nyuma, nikatundika shuka jeupe, nikamwambia atoke huko kwenye heshima zake aje afanye kazi. Alisema nimemdhalilisha. Nikamwambia umeme unaomulika heshima unalipiwa.

Maonyesho ya kwanza aliyaita "Kuvuka." Mji wetu una mtaro. Unapita kati ya soko na stendi ya mabasi, na kila kampeni unaahidiwa kufunikwa, na kila masika unafurika kuliko mwaka uliopita. Tabasamu alikuwa amesimama pembeni ya mtaro ule mvua zote za mwaka mzima, akipiga picha za watu wanavyouvuka. Mwanamke amekunja sketi na meno yameshika viatu. Wanaume wanne wamebeba jeneza juu ya vichwa. Mwalimu mkuu ameruka na yuko hewani, mkoba mbele, tai nyuma, na sote tunajua atatua wapi.

Na kulikuwa na moja ya meya. Siku ile maji yalipoingia mpaka ndani ya maduka, Mstahiki Meya alikuja kuona athari, naye alikuja kuziona kwa viatu vya ngozi. Sokoni kuna mchukuzi mmoja wanamwita Winchi, kwa sababu gunia analoshindwa yeye huwa halinyanyuki. Winchi akainama, meya akapanda mgongoni. Katika picha, meya ameshika viatu vyake kwa mkono mmoja, kwa mkono wa pili ameng'ang'ania sikio la Winchi, soksi zake zinaning'inia juu ya maji, mdomo wazi. Winchi anaitazama kamera kwa uso ule ule anaokuwa nao akiwa amebeba vitunguu.

Siku ya ufunguzi walikuja ndugu, kwa kuwa ndugu hawana pa kukimbilia. Walikuja wanafunzi wangu, ambao niliwakumbusha kwamba mtihani wa barabarani uko karibu na mimi sisahau sura. Alikuja fundi bomba aliyedhani ameitiwa masinki. Shemeji yangu, kaka mkubwa wa mume wangu, alizunguka chumba mikono nyuma kama mkaguzi, akaniuliza: picha ya mtu asiyemjua, akiitundika sebuleni kwake, wageni wakiuliza ni nani, aseme nini? Nilimwambia aseme ni yeye, atasifiwa.

Wakubwa wa mji walikuja siku zilizofuata, baada ya kuhakikisha hakuna mchango unaochangishwa. Waligeuzia picha migongo, wakajipiga picha wao kwa simu zao, wakaondoka. Kesho yake walimwambia mume wangu kazi ni nzuri mno. Na yeye, mtu mzima, aliamini. Aliyekuwa anaelewana na watazamaji ni Shangazi peke yake. Kwenye kiti chake pale mlangoni alimweleza kila anayeingia yule wa kwenye picha ni mtoto wa nani, aliachana na nani na kwa nini, na watu walikaa kumsikiliza huku macho yako ukutani. Lakini iliyojaza chumba ilikuwa picha ya meya. Watu ambao hawajawahi kusimama mbele ya picha isiyo ya kwao walikuja kutoka pande zote za mji, wakaingia, wakaenda moja kwa moja kwenye kona ile, wakacheka wakiwa wameziba midomo, wakatoka wakiangalia kushoto na kulia. Ujasiri wa mji wetu ndipo unapoishia.

Pale palipo na watu wengi hawakosi wa kuwasaidia. Wa kwanza kuja alikuwa Daktari. Huyu hatibu mtu. Alifundisha chuo zamani, na tangu astaafu anatembea na skafu shingoni hata siku ambayo lami inayeyuka. Alisimama mbele ya picha ya jeneza, akafumba macho, ambayo ni njia ya ajabu ya kutazama picha, akasema picha inasaili mpaka baina ya mwili na maji. Shangazi akamwambia ndani ya jeneza ni muuza mkaa, na alikufa kwa presha.

Wa pili alikuwa mama mmoja tuliyemwita Mama Mradi. Ukimsalimia hujambo, anakujibu kwa mkakati. Alituambia nyumba yetu ina fursa nyingi ila haina wadau. Akasema inabidi tujengewe uwezo, tuwe shirikishi, tuwe endelevu, tulete tija. Nilimuuliza tija ndiyo nini hasa, akasema hilo litapatiwa semina.

Mume wangu, aliyeapa kwamba hatakuja mtu kumpangia, aliinama kama mgomba wenye mkungu. Sababu ni ndogo na ya aibu: wawili wale walimwita msanii. Mimi nimemwita mume, baba, bwana, hata mpumbavu siku zilizostahili, lakini msanii sikuwahi kumwita, na laiti ningejua neno lina nguvu kiasi hicho ningelitumia mapema na nyumba ingekuwa imeshaezekwa. Walimvisha kilemba cha ukoka, akaona kinamkaa.

Kamati iliundwa sebuleni kwangu, kwenye viti vyangu. Daktari akawa mwenyekiti, Mama Mradi katibu, mwenye duka la mabati akawa mweka hazina, na wengine kadhaa wakawa wajumbe ambao sauti zao nilizisikia tu walipoomba sukari. Mume wangu akapewa ukurugenzi. Wakati wa kupiga kura kwamba kuanzia sasa nyumba itakuwa chini ya kamati, yeye alikuwa kwenye kona akimwonyesha mjumbe mmoja lenzi. Daktari akasema wanaoafiki wainue mikono. Tabasamu akainua. Baadaye aliniambia alidhani wanauliza nani anataka chai.

Zikaja taa, nzuri kweli, zile zinazoteleza kwenye reli, zikapigwa dari nzima. Maandishi ya mkono yakashushwa, na juu ya mlango zikabandikwa herufi za kung'aa: KITUO SHIRIKISHI CHA TASWIRA NA MAENDELEO. Shangazi alisomewa akauliza kama zahanati imehamia kwetu. Kisha ikatangazwa kwamba kituo kitazinduliwa upya, na mgeni rasmi atakuwa Mstahiki Meya.

Hapo ndipo walipokumbuka kona.

Daktari alikuja mwenyewe, skafu imefungwa kwa majonzi. Hakusema picha iondolewe. Alisema haifai kabisa kuondoa kazi ya msanii ukutani, ni ukatili. Ipumzishwe tu. Picha nayo huchoka kutazamwa. Mume wangu alikuna kidevu, akaangalia taa zake za reli, na jioni niliporudi kutoka kazini nilimkuta chumba cha nyuma anaiegemeza kwenye sinki, uso kwa ukuta.

"Ulisema asije mtu kukuambia umfute nani," nilimwambia.

"Sijamfuta mtu. Nimempumzisha."

"Yule bibi naye ulimpumzisha."

Alitwaa kitambaa akaanza kufuta vumbi kwenye sinki ambalo halikuwa na vumbi. Nilikuwa nimeshinda kutwa nzima nikimpigia kelele mwanafunzi mmoja anayefumba macho kila akiona lori, na nikaona nimetoka kwa kipofu mmoja nikaingia kwa mwingine. Nikamwacha. Tulilala kila mtu na upande wake wa shuka.

Siku ya uzinduzi mtaa ulifagiliwa mpaka fundi viatu akapoteza misumari yake. Viti vilivishwa mashuka, utepe ukafungwa mlangoni, spika zikapiga muziki wa kutoboa masikio. Meya alifika amechelewa kwa kiwango kinachotakiwa. Akakata utepe, akaingia, akazunguka kuta zote kwa muda ambao mtu hutumia kumaliza glasi ya maji, huku Daktari akimnong'oneza na yeye akitikisa kichwa kwa kila kitu, hata kwa swichi ya umeme. Alipofika kwenye kona akakuta picha ya mtaro wenyewe, mkavu, bila mtu. Akasimama.

"Yangu iko wapi?" aliuliza.

Mama Mradi akasema ile picha imepelekwa kufanyiwa maboresho.

"Iko nyuma," Shangazi alisema kutoka kwenye kiti chake. "Kwenye sinki."

Ikaletwa. Mume wangu ndiye aliyeibeba, na alivyokuwa akipenya nayo kati ya viti meya mle ndani alionekana kama anatembezwa kweli. Meya aliitazama muda mrefu kuliko zote. Nilimwona mwenye duka la mabati akisogea taratibu kuelekea mlangoni. Kisha mgeni rasmi akacheka, kicheko cha mtu aliyepewa zawadi.

"Mnaona?" alisema, akigeukia watu. "Mnaona wenyewe? Wananchi wamenibeba."

Makofi yalilipuka. Daktari, ambaye jasho lilikuwa limeloanisha skafu, alipaza sauti kwamba ndiyo maana kamati ilisisitiza tangu mwanzo picha hii iwe kitovu cha maonyesho. Mama Mradi akasema ni picha shirikishi. Mjumbe mmoja alipangusa machozi. Nimeona kinyonga akibadilika rangi, naye angalau huchukua muda.

Meya alikuwa na uchaguzi mbele yake. Aliitaka picha ichapwe kubwa, ukubwa wa ukuta wa stendi, kila anayeshuka basi aione. Ila kulikuwa na mambo madogo ya kurekebisha, na aliyataja pale pale mbele ya kila mtu, mkono wake juu ya bega la mume wangu. Maji yatolewe, iwekwe barabara. Soksi zifichwe kwa viatu. Na huyu aliyembeba amenuna sana.

"Huyu kijana achangamke kidogo," alisema. "Si unaitwa Tabasamu wewe?"

Watu wakacheka. Mume wangu naye alicheka, kama mtu aliyebanwa kidole mlangoni mbele ya wakwe. Nilitoka nje nikakae kwenye gari la shule ya udereva nisije nikasema neno.

Asubuhi iliyofuata alivaa mapema, akaniomba nimpeleke sokoni. Tulimkuta Winchi amekaa juu ya magunia anakunywa chai. Mume wangu alimwonyesha picha kwenye simu, akamweleza meya anataka nini, akamuuliza yeye anaonaje. Nilidhani tutasikia neno zito, lakini Winchi hakuwa mtu wa maneno mazito. Kwanza aliuliza kama mgongo wake utaonekana vizuri, maana kuna mwanamke mmoja stendi angependa auone. Kisha akakuza picha kwa vidole viwili mpaka ukabaki uso wake tu.

"Alikuwa amenishika sikio," alisema. "Alilivuta utadhani ni usukani. Wiki nzima upande huu haukulalika. Sasa nicheke nini hapo?" Akarudisha simu. "Lakini picha ni yako, bwana. Fanya unavyoona."

Tukirudi, kwenye taa za barabarani mume wangu alisema, bila kunitazama, kwamba kuweka kicheko kwenye uso ule ni kazi ya dakika chache tu. Alikuwa ameshaijaribu alfajiri, kwenye kompyuta, nikiwa bado nimelala. Meno yamekaa vizuri kabisa, alisema, huwezi kujua. Na baada ya kuyaona yamekaa vizuri ndipo akashindwa kunywa chai.

Kamati iliitwa jioni ile, tena sebuleni kwangu, na safari hii sikuweka sukari mezani. Mume wangu alisimama. Siku zote akisimama mbele ya watu hujikwaa kwa maneno kama anatembea gizani, na siku hiyo alijikwaa vile vile, lakini alifika.

"Sitamchekesha," alisema. "Mkiitaka kama ilivyo, nitaichapa kubwa muipendavyo. Na maji yatakuwemo."

Walimwelimisha. Daktari alimwambia ukweli ni dhana pana. Mama Mradi alimwambia afikirie wadau. Mwenye duka la mabati, ambaye picha ya sebuleni kwake bado ilikuwa na ngazi tupu na shada la kuazima, alimwambia kwa upole kabisa kwamba kila mtu hufanya marekebisho. Walipoona habadiliki wakapiga kura ya kumtoa kwenye ukurugenzi. Mikono yote ikainuka, isipokuwa yake. Hakukuwa na chai ya kumchanganya. Daktari alimshukuru kwa mchango wake katika hatua za awali.

Basi wakawa na kituo, katibu, mweka hazina na herufi za kung'aa. Kilichobaki ni chumba, na chumba kilikuwa na Shangazi. Walimwendea ujumbe mzima, na hawakwenda mikono mitupu: walimpelekea kiti kipya cha kulala nyuma, chenye mahali pa kuwekea miguu, kwa heshima ya magoti yake. Walimpaka mafuta kwa mgongo wa chupa tangu mchana mpaka jua likapinda. Walimwita mama mlezi wa taswira. Shangazi alijaribu kiti, akakilaza, akakiinua, akasema kinafaa.

"Kiti nimepokea, asanteni," aliwaambia. "Chumba ni cha marehemu mume wangu, na sikumbuki kama alikuwa mdau. Taa zenu mkizitoa mzitoe taratibu, rangi ni mpya."

Wakazitoa. Wakang'oa na herufi, moja moja, na matundu yake yakabaki juu ya mlango kama ndui.

Kituo Shirikishi sasa kiko kwenye jengo la halmashauri, ghorofa ya pili. Picha kubwa ya stendi waliipata kwa mpiga picha mwingine, kijana mwepesi asiye na maswali. Walimpandisha meya mgongoni mwa mwanamume mmoja mwenye shati jeupe lililopigwa pasi, kwenye barabara kavu, mchana kweupe, wote wawili wanacheka mpaka magego yanaonekana. Ilipotundikwa, watu walioshuka mabasi waliinua macho wakauliza amevunjika mguu gani. Walicheka mwezi mzima, kisha wakaenda kumpigia kura, akashinda. Mtaro uko wazi mpaka leo. Tangu kihamie huko kituo hakijaonyesha picha hata moja. Nilipanda huko kufuatilia leseni ya mwanafunzi nikachungulia: taa za reli zinamulika viti vya plastiki vilivyopangwa mpaka darini.

Sisi tulipata hasara ya namna yetu. Wenye harusi waliogopa kumwita mtu aliyemkatalia meya, na wale ambao hawakuogopa waliambiwa na Tabasamu mwenyewe, kabla ya lolote, kwamba yeye hafuti mtu, wakaenda kwingine. Wengine walibaki, ndoa maskini na watu wakaidi, na picha za pasipoti zinaziba palipobaki. Nimemwacha aseme kwamba anajitegemea. Anajitegemea juu ya kigoda changu na shuka langu.

Maonyesho ya pili hayakuwa ya kwake. Mwanamke mmoja, fundi cherehani, alileta picha alizopiga kwa simu. Mume wake ni mlinzi wa usiku. Analala mchana, kwenye chumba hicho hicho anachoshonea yeye, na kila kazi ikipungua alikuwa anampiga picha. Mtu amelala, na mwanga wa dirisha unatembea juu yake: asubuhi uko miguuni, adhuhuri tumboni, alasiri umefika kwenye uso na amejifunika mkono. Vipande vya vitambaa vya wateja vimemwangukia, vyekundu, vya maua. Mume wangu alipoziona alivuta kiti akazirudia moja moja, jambo ambalo sijamwona akilifanya mbele ya kazi zake mwenyewe. Akazichapa kwa karatasi nzuri aliyokuwa ameificha nisiione. Safari hii nilishika drili mimi, na zote zikatundikwa mahali ambapo macho ya binadamu hufika.

Siku ya ufunguzi mlinzi alikuja na sare, maana angetoka hapo aende zamu. Alizipitia zote polepole, kofia mkononi, akirudi nyuma akisogea mbele. Aliniambia hajawahi kujiona akiwa amelala, na hakujua kwamba hukunja ngumi.

Mji nao haukutuangusha. Shemeji yangu aliuliza kama tumefikia kuonyesha watu waliolala, kesho tutaonyesha nini. Daktari aliingia bila haya, skafu mpya, akafumba macho mbele ya picha ya kwanza. Nyuma yake akaja bwana mmoja wa benki, amevaa suti, akaegesha gari vibaya, jambo ambalo mimi naliona kabla sijaona kitu kingine chochote. Alimkuta mlinzi amesimama karibu na mlango, akamnyooshea funguo.

"Niangalizie gari," alimwambia.

Mlinzi alizishika funguo kwa mazoea, kisha akabaki nazo mkononi hajui azipeleke wapi. Nilikwenda nikazichukua, nikamrudishia mwenyewe, nikamwambia gari lake ameliacha juu ya mtaro wa jirani na aende alitoe, na kwamba huyu bwana ndiye wa kwenye picha zote anazoziona humu ndani.

Mtu wa benki alimtazama mlinzi, akatazama ukuta, akamtazama tena.

"Mbona hafanani?"

"Hapo alikuwa amepumzika," fundi cherehani alisema, akamnyoosha mume wake kola.